Niliapa Bibi Yangu Hakutia Simsim Kwenye Bamia

Senga Latifah, shangazi yetu sote wa ushauri, nakusalimu wewe na wote wanaofungua ukurasa wako. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara tatu, kwa sababu jambo lenyewe ukilisikia haraka haraka utacheka, utasema mwanamke mzima wa miaka thelathini na tisa anakosa usingizi kwa ajili ya mchuzi wa bamia, lakini naomba unisome mpaka mwisho ndipo unihukumu, na jina langu litumie, sitaki kufichwa.

Mimi ni Mnubi, nimezaliwa Mbuya, nauza chakula Wandegeya kwa wanafunzi wa hosteli, na bamia yangu inajulikana. Aliyenifundisha ni bibi yangu mzaa baba, Zuleika, ambaye sisi tulimwita Haboba kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Haboba alifariki miaka kumi na tisa iliyopita na tangu siku hiyo, Senga, jambo ambalo sijamwambia mteja hata mmoja, sijawahi kuipata ladha yake. Nafanya kila kitu alichofanya, bamia inakaushwa juani na kusagwa, nyama kavu inatwangwa kwenye kinu mpaka inakuwa nyuzi, vitunguu vinakaangwa mpaka vinakuwa vyeusi kama kahawa, watu wanakula wanafuta sahani kwa kisira, mkate wetu mwembamba, lakini mimi nikionja najua kuna kitu hakipo, na kwa vile sikujua ni kitu gani nilijiambia ni mkono wake tu, na mkono ulizikwa naye.

Sasa kila mwaka mtaani kwetu kuna shindano la kupika bamia. Linafanyika kwenye uwanja wa shule chini ya kilima, kila mtu anakuja na sigiri yake ya mkaa, wanakuja Wanubi, Waacholi, Walango, Baganda, wake wa askari na wa polisi, na mshindi anapewa sufuria kubwa iliyotengenezwa na mafundi wa Katwe, jina la familia yake limegongwa kwenye ukingo, na ndiye anayepikia sherehe ya mtaa mzima. Jina letu lilikuwa limegongwa miaka minne mfululizo. Mwenyekiti wa kamati ni baba yangu mdogo, Baba Siraje, mtoto wa Haboba, dereva wa malori aliyestaafu, na mwaka huu aliandika sharti jipya kwamba bamia iwe na viungo vya asili tu. Hakuna aliyeuliza asili ya nani.

Siku ya shindano akaja mama mmoja anaitwa Goretti Akullo, Mwacholi, mjane wa sajenti wa polisi, ambaye alihamia Mbuya mwaka jana kwa mwanawe Obita. Akawasha mkaa kimya kimya karibu nami, akatoa bakuli la simsim, yaani ufuta, iliyosagwa mpaka laini kama siagi, na chupa ya maji ya rangi ya chai. Baba Siraje alikuwa anapita na daftari lake, akasimama.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Simsim, mzee. Na hii chupa ni chumvi ya majivu."

"Kwenye bamia?"

"Ndiyo. Mimi napika tu vile mama yangu alipika."

"Sharti limesema viungo vya asili."

"Hata hii ni asili," akajibu bila kuacha kukoroga. "Ama asili yangu iko na makosa?"

Hapo ndipo uwanja ulipochemka kuliko sufuria. Mke wa askari mmoja akasema bamia bila simsim ni maji ya kunawia, mama wa Kiganda akasema hajawahi kusikia mchuzi usio na nyanya, mzee mmoja wa kwetu akasema nyanya zililetwa na watu wavivu, mwingine akasema bamia mbichi ndiyo bamia na iliyokaushwa ni ya safari, na kila mtu alikuwa na asili yake na kila asili ilikuwa inafukuza zingine zote. Baba Siraje akainua mkono, akaniita mbele ya watu.

"Habibah, wewe ndiye uliyepika na Haboba mpaka siku zake za mwisho. Sema hapa. Alitia simsim?"

Na mimi, Senga, nikiwa na mwiko mkononi na ukoo mzima ukinitazama, nikasema kwa sauti kubwa, "Wallahi, simsim haijawahi kuingia jikoni kwa Haboba."

Watu wa kwetu wakapiga vigelegele. Mama Goretti akafutwa kwenye daftari la majaji, akaambiwa anaweza kumalizia pembeni, karibu na ukuta. Hakubishana. Aliniuliza tu, "Wewe ni mtoto wa Zuleika?" Nikamwambia ni mjukuu wake, na wala sikujiuliza amelijua wapi jina hilo. Akasema, "Sawa," akahamisha mkaa wake kwa koleo, kipande kwa kipande, akaendelea kupika.

Majaji wakaonja, wakanitangaza mimi. Watu walikuwa bado wanashangilia Mama Goretti alipofunua sufuria yake kule ukutani.

Senga, nitaelezaje? Harufu ile haikuja kama harufu ya chakula, ilikuja kama mtu anayeingia chumbani. Nikaona wazee wetu watatu waliokuwa wanabishana wamenyamaza, kila mmoja amegeuza shingo upande ule, na bibi mmoja ambaye haoni tena akauliza, "Zuleika amekuja?" Miguu yangu ikanipeleka bila kuniuliza. Nikachovya kijiko changu kwenye sufuria niliyoikataa mwenyewe, nikaonja, na papo hapo nilikuwa na miaka saba, nimepiga magoti nyuma ya nyumba, mikono yangu imeshika jiwe la kusagia, chini ya jiwe kuna simsim, mafuta yake yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na Haboba ameinama juu yangu ameweka kidole mdomoni, ananiambia, "Hii usimwambie mtu."

Nilimtii sana mpaka siri hiyo nikaificha hata kwangu mwenyewe, naye baada ya hapo aliisaga peke yake. Zaidi ya miaka thelathini ulimi wangu ulikuwa unakumbuka na kichwa kimefunga mlango. Nilikuwa nimekwenda kila soko, nimejaribu kila kiungo, nimemlilia marehemu anijie ndotoni anionyeshe, na kumbe kilichokosekana kilikuwa mkononi mwa mama niliyetoka kumfukuza.

Baba Siraje akaja nyuma yangu. Akaonja naye. Akaweka kijiko chini taratibu kama mtu anayeweka kitu cha kioo, akatoka uwanjani, huku kipaza sauti kinamwita jina lake aje akabidhi zawadi. Ikabidi katibu anikabidhi. Na mimi nikapokea. Nikatabasamu kwenye picha. Hilo ndilo kosa langu, kwa sababu dakika ile nilikuwa najua tayari.

Kesho yake mchana nikaenda kwa Mama Goretti. Alinipa kiti, akanipa maji, akaanza kusema kama mtu aliyekuwa amenisubiri.

Mwaka sabini na mbili, alisema, askari Waacholi walikuwa wanachukuliwa kambini kwa sababu ya kabila lao tu, na hawarudi. Baba yake alichukuliwa asubuhi. Mama yake akabaki na mtoto mchanga, ndiye yeye Goretti, wa wiki sita, na akawa anatafutwa naye. Haboba alikuwa jirani, mke wa askari Mnubi, mumewe amepelekwa Moroto, na watu waliokuwa wanatafuta walikuwa watu wa mumewe. Akamfungia mama yule na mtoto wake kwenye stoo ya mkaa nyuma ya nyumba. Wakakaa humo wiki saba.

"Mama yangu aliacha kutoa maziwa, kwa hofu," akaniambia. "Kwetu mzazi anapewa simsim, ndiyo inaleta maziwa. Lakini simsim ikinukia kwa nyumba ya Mnubi wakati ule, mtu anauliza, hapa kuna nani? Sasa Haboba wako akaificha ndani ya bamia. Chini ya vitunguu vyeusi, chini ya nyama kavu, hakuna pua inajua. Askari walikuwa wanakuja kukaa sebuleni kwake, anawapakulia. Sufuria hiyo hiyo moja. Wanakula mbele, wanamsifu, na yule wanamtafuta anakula nyuma."

Huyo Haboba ninayemzungumzia alikuwa mwanamke mfupi, anaogopa radi, anaogopa hata kuvuka barabara.

Baada ya wiki saba alimvisha mama yule gurbaba, vazi letu, akampandisha lori la wafanyabiashara akisema ni dada yake. Mama yule alifika Gulu salama, akapika bamia ile maisha yake yote akiongeza chumvi yao ya majivu, na alipofariki mwezi wa kwanza mwaka huu alimwachia Goretti neno moja, kwamba Mbuya kuna mwanamke anaitwa Zuleika, kama yu hai mshukuru, kama amekufa wapikie watu wake.

"Ndiyo nilikuja pale uwanjani kuwapikia," akasema.

"Kwa nini hukusema pale uwanjani?"

"Nilitaka muonje kwanza. Maneno mngebishia."

Nilirudi nyumbani nikiwa siwezi kumtazama mtu. Nikamwendea Baba Siraje, nikamwambia simsim ilikuwemo na nataka kulisema hadharani, na kabla sijafika hata kwenye habari ya stoo akanikatiza. "Nimejua tangu kijiko cha kwanza," akasema. "Sasa nyamaza. Habibah, sisi tunaitwa wageni nchi hii tangu babu zetu waliletwa na jeshi la Waingereza. Hatuna kilima, hatuna mfalme, hatuna kijiji cha kurudisha maiti. Tuna mavazi yetu, ngoma yetu na chakula chetu. Na chakula chenyewe unataka kukigawa?"

Nikaaga, nikatoka. Wiki tatu zimepita, sufuria iko jikoni kwangu sijaipikia hata chai, Mama Goretti haji tena kwenye kikundi cha akina mama, na shangazi zangu wananiambia niache yaliyopita yapite. Nikisema, namuaibisha baba yangu mdogo na kuwanyang'anya watu wangu kitu cha mwisho walicho nacho. Nikinyamaza, namficha Haboba ndani ya kiapo changu cha uongo. Nifanye nini, Senga?

Habibah, Mbuya

*

Senga Latifah anajibu:

Habibah mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, kisha nikakaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Kazi hii nimeifanya miaka mingi. Naletewa waume watoro, mawifi wakorofi, wachumba wenye wake wawili. Sijawahi kuletewa mwanamke kama bibi yako. Aliwalisha wawindaji na mwindwa kutoka sufuria moja, akaenda kulala, akaamka akafanya hivyo tena, siku arobaini na tisa. Mimi nisingeweza. Na wewe usijidanganye kwamba ungeweza.

Sasa nikugombeze. Uliapa kwa jina la Mungu juu ya jambo ambalo ulitakiwa kusema "sikumbuki". Hilo ni neno fupi tu, lingekutoka bila shida, lakini vigelegele vilikuwa vitamu zaidi. Kusahau sikulaumu, mtoto wa miaka saba aliambiwa anyamaze akanyamaza. Ninachokulaumu ni ile picha. Ulikuwa na ladha ya ukweli mdomoni na ukatabasamu. Halafu wiki tatu unakwepa mtaa wa mama aliyekuja kukushukuru. Wewe unaandika barua, yeye anakaa peke yake na msiba wa mama yake. Nani kati yenu alipaswa kulia?

Shangazi zako waambie nimesema yaliyopita hayajapita, yako Mbuya, yana miaka hamsini na kitu, na yanakaa kwa Obita.

Baba yako mdogo simcheki. Anachokiogopa ni cha kweli, na anayemwita mgeni mtu ambaye babu wa babu yake amezikwa hapa ndiye mwenye haja ya kuona haya. Lakini amekosea hesabu ya kilicho chake. Anadhani urithi wa Wanubi ni bamia isiyo na simsim. Bamia kila mtu anayo, umesikia mwenyewe uwanjani, na kila mmoja anaipika anavyotaka na kutukana ya mwenzake. Je, ni kabila gani mjini hapa lina Zuleika? Huyo ndiye mali yenu. Na ndiye mnayemficha.

Halafu nikuulize swali moja. Umesema alikukatiza kabla hujafika kwenye stoo. Kwa hiyo yule mzee anapigania mchuzi, na hajui mama yake alifanya nini! Umemwambia habari ya simsim, habari ya mama yake hujamwambia. Hapo ndipo pa kuanzia.

Fanya hivi, na usibadilishe mpangilio. Kwanza nenda kwa Goretti, uombe radhi kwa maneno yako mwenyewe, bila zawadi mkononi, maana zawadi itamlazimisha kukusamehe. Muulize kama anaruhusu kisa cha mama yake kisemwe, kwa kuwa ni chake kabla ya kuwa chako. Akikataa, utakiri kuhusu simsim tu na mengine utakaa nayo. Akikubali, nenda kwa Baba Siraje mchana, mkae wawili, na umwambie kabla hujaanza kwamba hukuja kuomba ruhusa, umekuja ili asiyasikie kwanza kwenye kipaza sauti. Usinyanyue sauti. Akikukatiza, nyamaza, ngoja, uanze tena pale pale ulipoachia.

Kisha rudi kwenye uwanja ule ule ulioapa, mbele ya watu wale wale, uitengue Wallahi yako kwa mdomo uleule. Kufunga siku tatu kwa ajili ya kiapo ni kati yako na sheikh wako, mwulize yeye. Sufuria mrudishie mtaa, mtaa uamue. Na wiki hiyo hiyo, nunua simsim, mwite binti yako kama unaye, au wa jirani kama huna, asage mchana kweupe, mlango wazi, na akikuuliza amwambie nani, mwambie kila mtu.

Usiniandikie tena kuniuliza. Niandikie ukishafanya.

*

Senga, nimefanya.

Mama Goretti aliniacha niombe radhi mpaka nikamaliza maneno yote, kisha akasema, "Mama yangu amekufa. Hakuna mtu wa kumsaka tena. Sema." Tukatangaza Jumamosi, yeye amesimama nami. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya shindano. Yule bibi asiyeona alishika mkono wa Mama Goretti hakuuachia mpaka tumemaliza. Kamati imeamua sufuria irudi Katwe igongwe majina mawili, Zuleika na la mama yake Goretti, na sharti la viungo vya asili limefutwa na aliyeliandika.

Lakini ninalotaka ulijue ni la siku ile ya Alhamisi, kabla ya hapo.

Nilimkuta Baba Siraje barazani kwake baada ya swala ya adhuhuri. Akanikatiza mara mbili, mara mbili nikangoja. Nilipofika kwenye mama na mtoto mchanga akainua kichwa.

"Wamefichwa wapi?"

"Stoo ya mkaa. Nyuma ya nyumba."

Akavua kofia yake, akaishika magotini. Alikuwa mtoto wa miaka sita mwaka ule, hilo sikuwa nimelifikiria. Kisha akasimama, hakuvaa hata viatu vizuri, akaniambia, "Nipeleke kwake."

Tukaenda kwa miguu. Mama Goretti alikuwa ndani anachagua mchele. Baba Siraje akasimama kizingitini, mtu mzima wa karibu miaka sitini, akashindwa kuingia.

"Tulikuwa tunasikia kilio," akasema. "Mimi na ndugu zangu. Nikamuuliza mama, akaniambia paka amezaa mle ndani, na mtu akifungua mlango paka atamla mtoto wake. Sikufungua. Miaka yote hii, mama, kila mahali nilipoendesha lori nikisikia paka analia, nilikuwa nasimama." Akashika mwimo wa mlango. "Kumbe ni wewe."

Mama Goretti akaweka ungo chini.

"Nilikuwa na njaa," akamwambia. Kisha akasogeza kiti. "Ingia, ndugu yangu. Sasa unaruhusiwa."

Habibah